Pointi za Lynette Woodard ziingie kitabuni: barua ya wazi kwa viongozi wa NCAA

Juni 2024

Kwa Rais wa NCAA, chama cha taifa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, Mheshimiwa Charlie Baker, na wajumbe wa kamati zinazosimamia mpira wa kikapu wa wanawake,
Indianapolis, Indiana.

YAH: REKODI ZA WACHEZAJI WANAWAKE WA VYUO, 1971 HADI 1982

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia kuomba kwamba pointi, ubingwa na rekodi za wanawake waliocheza mpira wa kikapu wa vyuo chini ya Chama cha Michezo ya Vyuo kwa Wanawake, yaani AIAW, kuanzia msimu wa 1971–72 hadi ule wa 1981–82, ziingizwe katika kitabu chenu cha rekodi, na kwamba wenye rekodi hizo walio hai waalikwe na kutajwa kwa majina katika fainali zenu. Siombi tuzo mpya, kwa sababu mchezo huu haujapungukiwa na tuzo. Ninachoomba ni hesabu iliyo sahihi, kwa kuwa heshima yoyote anayopewa mchezaji au kocha husimama juu ya hesabu, na hesabu mliyonayo sasa imekata miaka kumi na moja ya mwanzo.

Msimu uliokwisha Aprili umelifanya jambo hili lisiweze tena kufichika. Fainali ya Cleveland, ambapo South Carolina ya kocha Dawn Staley iliifunga Iowa 87 kwa 75 na kumaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja, ilitazamwa kwa wastani na watu milioni 18.9, na kwa mara ya kwanza watazamaji wa fainali ya wanawake wakazidi wale wa fainali ya wanaume. Wengi wao walivutwa na Caitlin Clark, mchezaji wa Iowa, na wengi wakajifunza historia ya mchezo huu kupitia rekodi alizokuwa akizipita. Historia waliyofundishwa ilikuwa na kasoro. Tarehe 15 Februari, Clark alipoifunga Michigan pointi 49 na kupita pointi 3,527 za Kelsey Plum wa Washington, walitangaziwa kwamba sasa ndiye mfungaji bora wa wakati wote katika mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vikubwa. Hakuwa bado. Pointi 3,649 za Lynette Woodard, aliyeichezea Kansas hadi mwaka 1981, zilikuwa bado mbele yake, na alizipita tarehe 28 Februari huko Minnesota, kwa pointi moja tu, katika usiku ambao haukupata hata robo ya shamrashamra za ule wa kwanza. Kocha wake, Lisa Bluder, alisema wazi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi yenyewe, na kwamba si haki kuupuuza mpira uliochezwa kabla ya NCAA kuwachukua wanawake. Siku chache baadaye, Machi 3, Clark alipopita pointi 3,667 za Pete Maravich, mfungaji bora wa vyuo upande wa wanaume, Bi. Woodard alikuwepo ukumbini Iowa City akishuhudia. Mgeni wa heshima alikuwa anatazama rekodi ikiporomoka baada ya rekodi, na yake mwenyewe haimo katika kitabu cha wenye mashindano.

Sababu mnayoitoa inajulikana: AIAW haikuwa NCAA, na kitabu cha NCAA huandika yaliyotokea ndani ya NCAA. Kwa mtu asiyefuatilia kwa karibu, sababu hiyo inaonekana safi. Lakini nyinyi wenyewe hamuifuati, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii.

Kocha Pat Summitt alikabidhiwa timu ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, kwa malipo ya dola 250 kwa mwezi, akiendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi za wachezaji. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 1,098, na idadi hiyo ndiyo iliyomo katika kitabu chenu. Misimu yake saba ya kwanza, ambayo ilimpa zaidi ya ushindi 150, ilichezwa yote kabla NCAA haijaandaa mchezo hata mmoja wa ubingwa wa wanawake wa daraja la kwanza. Ushindi huo mliuhesabu mwaka 2005 alipompita Dean Smith, kocha wa timu ya wanaume, mkauhesabu tena mwaka 2009 alipofikisha 1,000, na mlifanya vyema. Kocha C. Vivian Stringer alianza Cheyney State mwaka 1971, na ushindi wake 1,055 unaanzia huko huko Cheyney, chuo kidogo cha Wamarekani weusi kilichofika fainali yenu ya kwanza kabisa.

Kisha kuna kocha Tara VanDerveer. Januari 21 mwaka huu, Stanford ilipoifunga Oregon State, alifikisha ushindi wa 1,203 na kumpita Mike Krzyzewski, kocha wa timu ya wanaume, na dunia nzima ya michezo ikaambiwa kwamba hakuna kocha wa mpira wa kikapu wa vyuo, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kushinda mara nyingi kuliko yeye. Ushindi 42 kati ya huo aliupata Idaho kati ya 1978 na 1980, na msimu wake wa kwanza Ohio State nao ulikuwa wa zama za AIAW. Mkiuondoa ushindi wa Idaho peke yake, Januari 21 inakuwa siku ya kawaida ya mchezo wa ligi. Hakuna aliyependekeza uondolewe, na wala mimi sipendekezi. VanDerveer alistahili kila pongezi aliyopewa kabla ya kutangaza kustaafu Aprili.

Swali langu ni jepesi. Usiku ambao kocha wa Idaho alishinda mwaka 1979, nani alifunga vikapu? Ushindi ule mmeuandika kwa jina la kocha, na pointi zilizouleta mmekataa kuziandika kwa majina ya wachezaji. Mchezo ni mmoja, uwanja ni mmoja, waamuzi ni wale wale, na karatasi ya matokeo ni moja. Nusu yake ya juu mnaikubali na nusu ya chini mnaikana. Kama AIAW haikuwa mashindano yanayohesabika, basi Summitt hana ushindi 1,098. Kama yanahesabika, basi Woodard ana pointi 3,649. Sioni njia ya tatu, na nimejaribu kuitafuta kwa nia njema.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na Woodard hakuwa mnyonge. Alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, akawa nahodha wa timu ya taifa iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1984, akawa mwanamke wa kwanza kuchezea Harlem Globetrotters, timu mashuhuri ya maonyesho ya mpira wa kikapu, mwaka uliofuata, na Ukumbi wa Mashuhuri wa Naismith, wa mpira wa kikapu, ulimpokea mwaka 2004. Chini ya kocha Marian Washington alicheza michezo 139 Kansas, na ndani yake akadaka ribaundi 1,714 mbali na pointi zake. Clark naye, kwa sadfa, alimaliza Iowa akiwa amecheza michezo 139 hiyo hiyo na kufunga pointi 3,951. Katika pointi hizo mna mitupo 548 ya pointi tatu. Mstari wa pointi tatu haukuwekwa katika mpira wa wanawake wa vyuo hadi msimu wa 1987–88, na mpira mdogo wanaoutumia wanawake leo haukuanza kutumika hadi 1984–85, maana yake Woodard alicheza miaka yote minne kwa mpira mkubwa wa wanaume na kila kikapu chake cha mbali kilihesabiwa pointi mbili. Mitupo ile 548 ingehesabiwa pointi mbili mbili, Clark angebaki na 3,403.

Hesabu hiyo siiweki hapa kumshusha Clark, ambaye kwa sheria za zama zile angecheza kwa namna nyingine na huenda angefunga vingi vilevile. Binti yule angefunga hata kwa mpira wa soka. Ninaiweka kwa sababu wapo wanaodai kwamba rekodi za AIAW haziwezi kuingizwa kwa kuwa mazingira yalikuwa tofauti. Mazingira yalikuwa tofauti kweli, na yaliwabana wa zamani kuliko wa leo. Maravich naye hakuwa na mstari wa pointi tatu, na hakuna aliyewahi kulitoa jina lake kitabuni kwa sababu hiyo. Aprili, Bi. Woodard aliposema hadharani kwamba haoni kama rekodi yake imevunjwa, akataja ukubwa wa mpira na kukosekana kwa mstari ule, baadhi ya watu walimrukia kana kwamba ana wivu, hata akalazimika kufafanua kwamba anamheshimu Clark na kwamba alitaka tu kusema zama hazilinganishiki kirahisi. Mzee wa miaka yake hakupaswa kuachiwa kazi ya kuitetea rekodi yake peke yake mbele ya vipaza sauti. Hiyo ilikuwa kazi ya kitabu.

Pingamizi la pili nililolisikia ni kwamba kumbukumbu za miaka ile hazikamiliki. Hili lina ukweli kiasi, kwa sababu vyuo vingi havikumwajiri mtu wa kuandika takwimu za wanawake, na karatasi nyingine zilibaki katika makabati ya walimu wa mazoezi ya viungo. Lakini takwimu zenye pengo huingizwa zikiwa na alama ya kuonyesha pengo, na zilizo kamili, kama za Kansas, huingizwa zilivyo. Vyuo vyenyewe vinazo, magazeti ya miji yao yanazo, na wachezaji wengi bado wapo hai wakiweza kuulizwa.

Mfano mnao karibu, tena wa mwezi uliopita tu. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilitangaza mwishoni mwa Mei kwamba takwimu za wachezaji weusi zaidi ya 2,300 waliocheza katika ligi zao, kati ya 1920 na 1948, sasa ni sehemu ya rekodi rasmi ya ligi kuu. Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 bila kuruhusiwa kucheza ligi kuu hata siku moja, leo ndiye mwenye wastani bora zaidi wa kupiga mpira katika historia yake, 0.372, mbele ya Ty Cobb. Wale nao walikuwa na karatasi zilizopotea, misimu isiyolingana urefu na michezo isiyoandikwa. Waliunda kamati ya wanahistoria na watakwimu, wakapitia mchezo mmoja mmoja, na walichokuwa na uhakika nacho wakakiingiza. Hakuna aliyelazimika kubuni chochote.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi, nami sitalikwepa. AIAW ilikuwa na vyuo vikubwa na vidogo, na mpaka kati yao haukuwa kama wenu wa leo. Pearl Moore, aliyeichezea Francis Marion huko Florence, South Carolina, hadi 1979, ana pointi 4,061, nyingi kuliko za Clark, nyingi kuliko za mwanamke mwingine yeyote wa vyuo. Kati ya hizo, 177 alizifunga Anderson, ambacho wakati ule kilikuwa chuo cha miaka miwili, na 3,884 Francis Marion, chuo kidogo. Sidai kwamba awekwe juu ya orodha ya daraja la kwanza. Ninadai awepo mahali fulani katika kitabu, kwa maelezo ya ukweli kuhusu wapi na lini, badala ya kuwa mtu ambaye Ukumbi wa Naismith ulimkumbuka mwaka 2021, miaka zaidi ya arobaini baada ya mchezo wake wa mwisho chuoni, na ambaye kwenu bado hana ukurasa. Kitabu chenu tayari kinatenganisha madaraja matatu; kuongeza sehemu ya AIAW yenye vyuo vikubwa na vidogo si jambo litakalowashinda wahariri wenu.

Na niruhusiwe kusema jambo moja kuhusu sababu ile ya kwanza, kwamba AIAW haikuwa nyinyi. Ni kweli haikuwa nyinyi, kwa kuwa wakati ule hamkuwataka wanawake. Sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, ilipopitishwa mwaka 1972, NCAA ilishawishi Bunge ili michezo inayoingiza fedha isiguswe, na mwaka 1976 ikaenda mahakamani kupinga kanuni za sheria hiyo. Kazi ya kuandaa mashindano ya wanawake ilifanywa na wanawake wenyewe, wengi wao wakufunzi wa elimu ya viungo, kwa bajeti ambayo leo haitoshi chakula cha timu moja safarini. Mwaka 1981, mlipoona kwamba mchezo umekua na televisheni imeanza kuuliza bei, mkutano wenu ulipiga kura ya kuanzisha ubingwa wenu wa wanawake, mkaahidi kulipia nauli za timu na kutowatoza wanachama ada ya ziada. AIAW haikuwa na fedha za kushindana nanyi. Machi 1982 palifanyika fainali mbili: Louisiana Tech iliifunga Cheyney State 76 kwa 62 huko Norfolk, nayo Rutgers ikaifunga Texas 83 kwa 77 huko Philadelphia. Ya Norfolk imo kitabuni kama mwanzo wa historia. Ya Philadelphia haimo. Louisiana Tech hiyo hiyo ilikuwa bingwa wa AIAW mwaka mmoja kabla, bila kupoteza mchezo, na Kim Mulkey alikuwa katika timu zote mbili. Kwa hesabu yenu, binti yule alikuwa bingwa mara moja.

Mnachokipoteza kwa kuanzia 1982 si takwimu peke yake. Mnawapoteza Immaculata, chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki karibu na Philadelphia, ambacho wachezaji wake waliuza miswaki ili wapate nauli ya kwenda Illinois mwaka 1972, wakaenda wanane tu kwa sababu fedha hazikutosha kuwapeleka wote, wakarudi na ubingwa wa kwanza wa AIAW, kisha wakautwaa tena 1973 na 1974 chini ya kocha Cathy Rush, huku masista wakipiga ndoo jukwaani kuwashangilia. Mnampoteza Margaret Wade wa Delta State, Mississippi. Chuo hicho kilifuta timu ya wanawake mwaka 1932, Wade akiwa mchezaji wake, kwa hoja kwamba mchezo ulikuwa mkali mno kwa mabinti. Wachezaji walizichoma jezi zao kwa uchungu. Timu iliporudishwa mwaka 1973, Wade aliitwa kuifundisha, na kuanzia 1975 ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Kombe la mchezaji bora wa mwaka linalotolewa tangu 1978 linaitwa kwa jina lake, na mabinti wa sasa wanalibusu mbele ya kamera, lakini ubingwa wenyewe uliompatia Wade jina hilo hauhesabiki kwenu.

Mchezaji wake mkuu alikuwa Lusia Harris, aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa delta ya Mississippi. Alifunga kikapu cha kwanza kabisa cha wanawake katika Olimpiki, huko Montreal mwaka 1976. Timu ya New Orleans Jazz ilimchagua mwaka 1977 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume. Na mwaka 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Ukumbi wa Naismith. Alifariki Januari 2022. Kwake yeye jambo hili limeshachelewa, na sitaki tusubiri hadi tuseme hivyo kuhusu wenzake.

Kwa hiyo ninaomba muunde kamati ya wanahistoria, watakwimu na wachezaji wa zama zile, ikiwa na muda maalumu, ipitie rekodi za AIAW na kuamua kipi kinaingia kama kilivyo na kipi kinaingia na maelezo. Orodha ya mabingwa ianze 1972, yenye alama ya kutofautisha aliyeandaa mashindano. Na fainali za Tampa za Aprili 2025 ziwe mahali pa kuwapokea wachezaji na makocha wa miaka ile, uwanjani, watazamaji wakiwa wamekaa, si katika chakula cha mchana cha hotelini wakati ambao kila mtu yuko mazoezini. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mabadiliko mliyoyafanya baada ya 2021, wakati picha za chumba cha mazoezi cha wanawake, chenye vyuma vichache tu, zilipoenea dunia nzima na kuwalazimisha kufanya uchunguzi. Wakati ule mlisubiri aibu. Safari hii hakuna anayewaaibisha bado, na mnaweza kutangulia.

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu huku Cedar Rapids na Iowa City tupo wengi tunaokizungumza, hasa waliotoka Kongo na Burundi, na mabinti zetu walikuwa miongoni mwa watoto waliovaa jezi namba 22, ya Clark, majira ya baridi yaliyopita. Wanaitafuta orodha ya wafungaji bora katika simu zao na kuisoma kama walivyoipata. Nitafurahi kuipeleka tafsiri ya Kiingereza kwa ofisi yenu mara nitakapoelekezwa ni kamati ipi yenye mamlaka ya kulijadili jambo hili, na ni katika kikao kipi.

Wenu mtiifu katika michezo,

Mzazi na shabiki wa mpira wa kikapu,
Cedar Rapids, Iowa.

Nakala: Chama cha Makocha wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake (WBCA);
Ukumbi wa Mashuhuri wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake, Knoxville, Tennessee.